Kibali cha Huduma za Wingu Serikalini: Kamati ya Ushauri Iseme Nini?

SWALI

Mtaalamu, salaam kutoka Mtumba. Mimi ni Afisa TEHAMA katika taasisi moja ya umma hapa Dodoma. Nimeteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ya ushauri itakayotoa maoni juu ya rasimu ya sera ya vibali vya usalama kwa huduma za wingu (kompyuta, hifadhi na programu zinazokodiwa kupitia intaneti) katika sekta yetu. Rasimu inasema mtoa huduma akishapata kibali kimoja, taasisi zote za sekta zimtumie bila kuhoji tena. Baadhi ya wajumbe wanataka tuchukue mfumo wa Marekani wa vibali hivyo, FedRAMP, kama ulivyo. Wengine wanasema data zote zibaki ndani ya nchi, mjadala uishe hapo. Mwenyekiti ameagiza kila mjumbe alete maoni yake kwa maandishi. Nimewahi kukaa kwenye kamati za namna hii, na mara nyingi maoni yetu huishia kwenye jalada. Niandike nini, na niandikeje, ili kamati yetu isaidie kweli?

JIBU

Ndugu yangu, anza na hayo maneno ya rasimu yanayosema "bila kuhoji tena". Kama muda wa kikao ni mfupi, hilo liwe la kwanza kulisemea, maana ndilo litakaloumiza watu baadaye.

Kibali kimoja kutumiwa na taasisi nyingi ni wazo zuri. Taasisi kumi zikitaka huduma ileile ya barua pepe, hakuna sababu kila moja itume mtaalamu wake akakague kituo kilekile cha data na kuuliza maswali yaleyale. Ukaguzi ufanyike mara moja, ufanyike kwa kina, na ripoti yake isomwe na wote. Lakini uamuzi wa kuweka taarifa za wananchi kwenye huduma hiyo ni wa taasisi yenyewe, na anayewajibika nao ni Afisa Masuuli wake. Ushahidi unaweza kuazimwa, dhamana haiazimwi. Rasimu yenu imevichanganya vitu hivi viwili. Siku data ikivuja, taasisi itasema ilifuata kibali, aliyetoa kibali atasema hakujua taasisi ingeweka nini humo, na mtoa huduma atafungua mkataba na kuonyesha kwamba sehemu iliyovuja haikuwa yake. Mwananchi ambaye faili lake limesambaa hatakuwa na wa kumdai.

Wanaotaka FedRAMP inakiliwe kama ilivyo wakumbushwe kwamba hata kule taasisi haikuzuiwa kuhoji. Programu hiyo ilianza Desemba 2011 kwa waraka wa Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ya Ikulu ya Marekani, kwa lengo la kukagua mara moja na kutumia mara nyingi. Mtoa huduma hupimwa na kampuni huru iliyoidhinishwa, kwa kufuata orodha ya vidhibiti vya usalama iliyoandaliwa na taasisi yao ya viwango, NIST. Ripoti huwekwa mahali pamoja. Taasisi inayoitaka huduma inaisoma, inaipima kwa mazingira yake, kisha kiongozi wake anasaini idhini ya matumizi kwa niaba ya taasisi hiyo. Sheria yao ya Desemba 2022 inazitaka taasisi ziuchukulie ukaguzi uliokwishafanyika kuwa unatosha, isipokuwa pawepo sababu ya msingi ya kutaka zaidi. Haikumwondolea mkuu wa taasisi wajibu wa kulinda taarifa zake.

Halafu, wanataka kunakili FedRAMP ipi? Ile ya 2011 ilikuwa na bodi ya pamoja ya wakuu wa TEHAMA kutoka Wizara ya Ulinzi, Wizara ya Usalama wa Ndani na wakala wa huduma za jumla, GSA. Julai 2024 ulitoka waraka mpya, M-24-15, uliochukua nafasi ya ule wa 2011 na kuleta bodi ya aina nyingine. Machi 2025 ukatangazwa mwelekeo mwingine tena, FedRAMP 20x, unaosisitiza ushahidi unaozalishwa na mifumo yenyewe badala ya vitabu vya maelezo. Wametumia zaidi ya miaka kumi kugundua kwamba njia yao ya kwanza ilikuwa nzito mno. Mwaka 2019 ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, GAO, iliziuliza taasisi 24 kubwa za serikali, na 15 zikakiri kwamba hazikuwa zikitumia FedRAMP kila mara zinapoidhinisha huduma za wingu. Hilo liandikeni kwa herufi nzito kwenye maoni yenu. Kibali kikichukua muda mrefu na gharama kubwa, watu wa idara watakizunguka. Watafungua akaunti kwa barua pepe binafsi, watapandisha majedwali ya watumishi, na kamati ya TEHAMA haitajua lolote mpaka siku ya tukio.

Kitu ambacho kweli kinafaa kuigwa ni namna walivyoiunda kamati yao ya ushauri. Sheria ileile ya 2022 ilianzisha kamati ya wajumbe wasiozidi 15, mwenyekiti akitoka GSA. Lazima pawepo mjumbe kutoka NIST na mjumbe kutoka wakala wao wa usalama wa mtandao, CISA. Lazima wawepo wakuu wa usalama wa taarifa wasiopungua wawili kutoka taasisi zinazotumia huduma hizo, na afisa ununuzi asiyepungua mmoja. Kampuni za wingu zina viti visivyopungua vitano, na viwili kati yake ni vya kampuni ndogo. Inashauri tu, haitoi kibali wala hainyimi. Vikao vyake vinafuata sheria yao ya kamati za ushauri ya mwaka 1972: vinatangazwa mapema, kwa kawaida viko wazi kwa umma, na mihtasari yake inatunzwa.

Mimi kinachonivutia zaidi hapo ni kiti cha afisa ununuzi. Sharti la usalama ambalo halimo kwenye nyaraka za zabuni na kwenye mkataba ni ombi tu. Ukishatangaza zabuni kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na mzabuni akashinda kwa masharti uliyoyaweka, huwezi kurudi miezi sita baadaye kumdai akupe logi za mfumo (kumbukumbu za nani alifanya nini ndani yake) au akuruhusu umkague. Je, kamati yenu ina mtu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi? Kama haina, ombeni aongezwe kabla ya kikao kijacho. Ombeni pia mwanasheria na mkaguzi wa ndani. Kamati ya maafisa TEHAMA watupu itaandika sera nzuri isiyotekelezeka.

Kuhusu kampuni za wingu zenyewe, zisikilizeni. Zinajua mambo ambayo ninyi hamyajui, hasa gharama halisi ya kila sharti. Lakini atamke kila mmoja maslahi yake mwanzoni mwa kikao, iandikwe kwenye muhtasari, na asiwepo chumbani wakati wa kuamua kigezo ambacho kampuni yake ndiyo pekee inayokitimiza.

Sasa turudi nyumbani, maana hatuanzii sifuri. Tuna Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019, iliyoipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA) jukumu la kuweka viwango na miongozo na kusimamia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo kazini. Sera ya sekta yenu haiwezi kuwa mlango wa pembeni wa kuzikwepa hizo mbili. Rasimu iseme wazi kibali cha sekta kinakuja baada ya hatua gani na kabla ya hatua gani. Kama mradi ni lazima upite eGA, basi ripoti ileile ya ukaguzi itumike huko na kwenu, mtoa huduma asijaze madodoso mawili yenye maswali yanayofanana.

Sheria ya Taarifa Binafsi inakusaidia pia katika lile suala la dhamana. Inamtambua mkusanyaji na mchakataji. Taasisi yako, inayochukua jina, namba ya NIDA na taarifa za ugonjwa za mtu, ni mkusanyaji. Kampuni inayokukodishia seva ni mchakataji anayefanya kazi kwa niaba yako na kwa maagizo yako. Kusaini mkataba na mchakataji hakukuondolei wajibu ulio nao kwa mwenye taarifa. Nukuu sheria hiyo kwenye maoni yako, kwa kifungu, na utaona jinsi maneno "bila kuhoji tena" yanavyokosa pa kusimama.

Halafu kuna madaraja ya data. Rasimu nyingi za namna hii huweka sharti moja kwa kila kitu, na hapo ndipo zinapokufa. Ratiba ya vipindi ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ikibadilishwa na mdukuzi ni usumbufu wa siku moja. Faili la mgonjwa wa Hospitali ya Benjamin Mkapa likibadilishwa, mtu anaweza kupewa damu isiyo yake. Vyote viwili vinaweza kukaa kwenye wingu, lakini si kwa masharti yaleyale. Wamarekani hutumia kiwango chao cha mwaka 2004, FIPS 199, kinachouliza maswali matatu: taarifa ikivuja madhara ni makubwa kiasi gani, ikichezewa je, na isipopatikana je? Kila jibu linapewa daraja la chini, la kati au la juu, na daraja la mfumo mzima ni lile la juu kuliko yote matatu. Katika toleo la FedRAMP linalofuata marekebisho ya tano ya orodha ya NIST, daraja la chini lina vidhibiti 156, la kati 323, na la juu 410. Sikushauri mchukue namba hizo. Chukueni yale maswali matatu, na mpendekeze kwamba kila taasisi iyajibu kwa maandishi, mfumo kwa mfumo, kabla hata ya kumtafuta mtoa huduma. Taasisi isiyojua ina data gani haiwezi kuchagua mahali pa kuiweka. Nyaraka za siri za Serikali zina utaratibu wake; ziacheni kabisa nje ya sera hii na mseme hivyo kwa sentensi moja.

Hilo la data zote kubaki nchini naliheshimu, kwa sababu linatokana na hofu ya kweli. Vituo vikubwa vya kampuni tatu kubwa za wingu barani Afrika vipo Afrika Kusini: Microsoft walifungua 2019, Amazon 2020, Google 2024. Data ikikaa huko inasimamiwa na sheria za huko, na Sheria yetu ya Taarifa Binafsi ina masharti mahususi juu ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Lakini mahali seva ilipo si jibu la kila kitu. Marekani ina sheria ya mwaka 2018, iitwayo CLOUD Act, inayoweza kuilazimisha kampuni iliyo chini ya mamlaka yake kutoa data inayoimiliki au kuidhibiti hata kama seva iko nchi nyingine. Seva ikiwa Dar es Salaam lakini inaendeshwa na kampuni ya namna hiyo, na funguo za kusimbua data (kuifanya isomeke) inazo kampuni hiyo, ukuta wa jengo haukulindi. Kwa daraja la juu, pendekezeni funguo zishikwe na taasisi yenyewe au na chombo cha Serikali. Hilo lina nguvu kuliko mjadala wa ramani.

Upande wa pili wa suala hilo tuliuonja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unaweza kuwa mzima kutoka Dodoma mpaka Mwanza, lakini mfumo wako ukiwa ng'ambo ya bahari, mtu aliyesimama dirishani kwako hahudumiwi. Kwa hiyo ulizeni kwa kila huduma: waya wa baharini ukikatika siku tatu, ni kazi gani lazima iendelee? Mfumo wa kazi hiyo uwe na nakala inayofanya kazi ndani ya nchi. Uliobaki unaweza kusubiri, na kulazimisha kila kitu kikae nchini kutawanyima wananchi huduma ambazo vituo vyetu vya ndani havijaweza kuzibeba.

Nije kwenye sehemu ambayo ningependa kamati yenu itumie nusu ya muda wake, kwa sababu rasimu nyingi huipa aya moja ya mwisho: yanayotokea baada ya kibali kutolewa. Ukaguzi unaonyesha hali ya siku ile. Wiki mbili baadaye mtoa huduma ameongeza moduli mpya, amebadilisha kampuni inayomtunzia nakala rudufu, na kasoro mpya imetangazwa kwenye programu anayoitumia. Chini ya FedRAMP, mtoa huduma amekuwa akipaswa kupima mifumo yake kila mwezi na kuwasilisha matokeo. Kasoro kubwa ana siku 30 kuirekebisha, ya kati siku 90, ndogo siku 180, na kila mwaka anapimwa tena. Muda mnaweza kuubadilisha. Msichoweza kuacha ni kutaja muda, kutaja anayepokea ripoti, na kutaja kinachofuata muda ukipita. Ripoti ya kila mwezi inayotumwa kwenye anwani ya barua pepe isiyosomwa na mtu ni karatasi tu. Nani katika sekta yenu ana muda na ujuzi wa kuzisoma? Kama hayupo, mpendekeze nafasi hiyo iundwe na iwekewe bajeti, au mpunguze idadi ya huduma zitakazopewa kibali mpaka awepo.

Na logi. Ninazisemea hizi kwa uchungu kwa sababu ndizo zinazokatwa kwanza bei ikizidi bajeti. Mwaka 2023 wadukuzi waliohusishwa na China walipata ufunguo wa siri wa Microsoft wa kutia saini vitambulisho vya kuingilia, wakautumia kusoma barua pepe za taasisi 22 na watu zaidi ya 500 duniani. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani peke yake ilipoteza barua pepe zipatazo 60,000. Waliogundua ni wizara hiyo yenyewe, Juni 2023, na waliweza kugundua kwa sababu walikuwa wakilipia kiwango cha juu cha huduma kilichowapa kumbukumbu za kina za nani amefungua barua gani. Wateja waliokuwa na kiwango cha kawaida hawakuwa na pa kuangalia. Mwizi angeweza kukaa sebuleni mwao wiki nzima. Baada ya tukio, Microsoft ilizifungua kumbukumbu nyingi za aina hiyo kwa wateja wa kawaida bila malipo ya ziada. Aprili 2024 bodi ya serikali yao ya kupitia matukio ya usalama wa mtandao ilitoa ripoti ikisema udukuzi ule ungeweza kuzuiwa.

Hapo mna sharti lenu. Logi za nani aliingia, lini, kutoka wapi na alifanya nini ziwe sehemu ya huduma ya msingi, zisiwe bidhaa ya kununua kando. Zitunzwe kwa muda unaotajwa. Taasisi za Marekani zinatakiwa, tangu waraka wa 2021, kuwa nazo karibu kwa miezi 12 na kwenye hifadhi kwa miezi 18 zaidi. Taasisi iweze kuzichukua yenyewe na kuziweka mahali ambapo mtoa huduma hawezi kuzifuta. Pia mtoa huduma alazimike kutoa taarifa ya tukio ndani ya saa zinazotajwa kwa tarakimu. Neno "mapema iwezekanavyo" lifutwe kokote lilipo kwenye rasimu.

Kibali pia hakiwezi kumlinda mteja dhidi ya makosa ya mteja mwenyewe. Stika ya ukaguzi inasema basi ni zima. Haisemi dereva ataendeshaje kwenye barabara ya Morogoro usiku. Mwaka 2019 benki ya Capital One ilidukuliwa na data za watu wapatao milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada zikachukuliwa. Benki hiyo ilikuwa kwenye wingu la Amazon, na mlango uliotumika ulikuwa kizuizi cha programu za tovuti ambacho benki yenyewe ilikisanidi vibaya. Mwaka uliofuata msimamizi wa mabenki aliipiga faini ya dola milioni 80. Aliyelipa faini ni benki.

Kwa hiyo kila kibali kiambatane na jedwali la mgawanyo wa majukumu. Ukikodi mashine tupu, mtoa huduma analinda jengo, umeme na mitambo. Wewe unalinda mfumo endeshi, programu, akaunti na data. Ukikodi programu iliyokamilika, yeye anabeba sehemu kubwa zaidi, lakini akaunti za watumishi wako, nywila zao, uthibitisho wa hatua mbili na uamuzi wa nani aone nini bado ni vyako. Katika jedwali hilo kila mstari uwe na jina la cheo. Mstari ulioandikwa "kwa pamoja" hauna mwenyewe. Na mtumishi aliyestaafu au kuhamishwa, akaunti yake ifungwe siku ileile. Hilo halihitaji teknolojia mpya, linahitaji afisa utumishi na afisa TEHAMA waongee.

Kuhusu kampuni za ndani, nitakuwa mfupi. Hapa Dodoma kuna vijana waliotoka UDOM wenye uwezo wa kujenga huduma nzuri, na sera inayodai mamia ya kurasa za maelezo itawaacha nje na kuwabakiza wakubwa wa nje peke yao. Daraja la chini liwe na njia nyepesi. Vyeti vya kimataifa kama ISO 27001 vikubalike kama sehemu ya ushahidi, ila visomwe: cheti hicho kinahusu mfumo wa kusimamia usalama ndani ya wigo ulioandikwa, na wigo unaweza kuwa makao makuu ya kampuni bila kuigusa huduma unayotaka kununua. Ombeni tamko la wigo kila mara. Ukurasa mmoja tu, lakini una majibu mengi.

Umeuliza pia uandikeje. Maoni huishia kwenye jalada kwa sababu aliye juu hana cha kusaini. "Serikali iimarishe usalama wa huduma za wingu" hakuna atakayeipinga na hakuna atakayeitekeleza. Linganisha na hii: "Kifungu kinachosema taasisi zitatumia huduma yenye kibali bila kuhoji tena kifutwe. Badala yake kisomeke: taasisi itatumia ripoti ya ukaguzi iliyopo bila kurudia ukaguzi huo, na Afisa Masuuli atathibitisha kwa maandishi kwamba daraja la data, mgawanyo wa majukumu na masharti ya mkataba vinakidhi mahitaji ya taasisi, ndani ya siku 21 tangu apokee ripoti." Hapo kuna kinachofutwa, kinachowekwa, anayehusika na muda. Chini yake weka sababu kwa sentensi tatu au nne, pamoja na gharama ya kutekeleza na gharama ya kutotekeleza. Katibu wa kamati anaweza kulichukua hilo kama lilivyo na kuliweka kwenye dokezo.

Kabla ya yote, someni tena hadidu zenu za rejea. Zinasema maoni yanapelekwa kwa nani? Anatakiwa kujibu? Kama hazisemi, ombeni kiongezwe kifungu kwamba mwenye sera atajibu kila pendekezo kwa maandishi: limekubaliwa, limekubaliwa kwa marekebisho, au limekataliwa na kwa nini. Ofisi iliyoandika waraka wa M-24-15 iliweka rasimu hadharani Oktoba 2023 ikapokea maoni, na waraka kamili ukatoka miezi tisa baadaye. Ninyi pia mnaweza kuomba rasimu isomwe na wadau nje ya chumba cha kikao, hasa watumishi wa halmashauri. Afisa wa Kondoa au Mpwapwa anayefanya kazi na mtandao unaokatika mara tatu kwa siku ataona upungufu ambao sisi wa mjini hatutauona.

Msipokubaliana, msilazimishe muafaka wa maneno mepesi. Andikeni maoni ya wengi na maoni ya wachache, kila upande na sababu zake. Mwamuzi anasaidiwa zaidi na tofauti iliyoelezwa vizuri. Pendekezeni pia tarehe ya kuipitia sera upya. Sheria ya FedRAMP yenyewe iliwekewa ukomo wa miaka mitano.

La mwisho nimeliweka hapa kwa sababu husahaulika mpaka siku ya ugomvi: namna ya kuondoka. Mkataba ukiisha, au kampuni ikifilisika, au bei ikipanda ghafla, taasisi irudishiwe data yake yote, katika muundo unaofunguka kwenye mfumo mwingine, ndani ya siku zinazotajwa, na mtoa huduma athibitishe kwa maandishi kwamba amefuta nakala zote, zikiwemo rudufu na zile zilizo kwa wakandarasi wake wadogo. Usiamini maandishi peke yake. Shaurini kwamba kila mwaka, kabla ya kuongeza mkataba wowote wa daraja la kati au la juu, taasisi ijaribu kuchukua data yake kutoka kwenye huduma hiyo na kuifungua mahali pengine. Jaribio lifanywe na maafisa wa taasisi, si na mtoa huduma, na matokeo yake yaambatishwe kwenye dokezo la kumwomba Afisa Masuuli aidhinishe mkataba uongezwe.